Petroli kwenye stoo, kulanti kwenye chupa ya soda: ya kuangalia unapohudumia gari nyumbani

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Moshi, maeneo ya Pasua, nina Corolla 110 ya petroli. Tangu mwaka jana nimeanza kuihudumia mwenyewe nyumbani: nabadilisha oili, nasafisha plagi, naongeza maji ya betri. Jumamosi nilitaka kubadilisha filta ya mafuta, nikanyonya petroli kwa mpira kuitoa kwenye tangi, ikanipita kooni kidogo. Mke wangu akanipa maziwa glasi mbili. Leo ni siku ya tatu, bado nakohoa. Petroli niliyoitoa, kama lita 20, iko kwenye dumu la njano ndani ya stoo iliyopakana na jiko, na mke wangu analalamikia harufu. Fundi wa mtaani ananiambia petroli haina neno mradi usiwashe kiberiti karibu, na kwamba yeye huoshea vyuma na mikono miaka yote. Oili chafu namwaga kwenye nguzo za uzio, mchwa wasile. Kulanti iliyobaki, yaani maji ya kupoza injini, nimeihifadhi kwenye chupa ya soda. Tuna mtoto wa miaka mitatu. Je, mke wangu anaogopa bure, au kuna jambo silijui? Na je, niache kabisa kujihudumia?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kuna mambo mawili ambayo hayasubiri umalize kusoma.

La kwanza ni kifua chako. Mtu aliyepaliwa na petroli akafika siku ya tatu anakohoa anatakiwa kuonwa na daktari leo, asikilizwe kifua na pengine apigwe picha. Kwako Pasua, hospitali ya Mawenzi ni karibu, na ya KCMC nayo si mbali. Ukifika eleza wazi kwamba ulinyonya petroli kwa mpira, taja siku, na useme kama umepata homa au unabanwa na pumzi. Usiishie kusema "nina kikohozi", maana utapewa dawa ya kikohozi ukarudi nyumbani.

La pili ni dumu. Litoe stoo sasa hivi. Kwanza zima jiko la mkaa au la gesi, usiguse swichi yoyote ya umeme, iwe ya kuwasha au ya kuzima, fungua milango na madirisha, mtoto na mama yake watoke nje, kisha ulibebe taratibu ulipeleke uani penye kivuli, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na njia ya watu. Ukirudi kutoka hospitali, imimine petroli hiyo kwenye tangi la gari palepale nje, injini ikiwa imepoa, kwa faneli na bila haraka. Tangi la gari limetengenezwa kwa kazi hiyo, stoo haikutengenezwa.

Sasa nikueleze sababu, kwa sababu mtu akiambiwa "usifanye" bila kuelezwa kinachotokea, wiki ijayo atafanya tena.

Petroli ni nyepesi kuliko maji na inatambaa kwa urahisi mno. Ikigusa koo, tone moja tu linaweza kuteleza kwenye njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na likishafika kwenye mapafu linasambaa sehemu kubwa. Huko linaharibu utando mwembamba unaosaidia vifuko vya hewa vibaki wazi, mapafu yanavimba, na mgonjwa anapata nimonia isiyotokana na vijidudu. Dalili zinaweza kuanza mara moja au kujitokeza baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo hatari kubwa ya kunyonya petroli haiko tumboni kama wengi wanavyodhani, iko kifuani. Kutoka hapo utaona kwa nini maziwa hayakukusaidia. Maziwa hayaivunji petroli wala hayainyonyi. Yanajaza tumbo, na tumbo lililojaa linatapika kwa urahisi, na kila ukitapika petroli inapita tena mlangoni mwa mapafu. Mkeo alifanya alilofundishwa, kama tulivyofundishwa wengi wetu, na hastahili lawama. Ila kuanzia leo kaya yako ijue hivi: aliyemeza petroli, mafuta ya taa au dizeli hatapishwi, hapewi maziwa, hapewi mafuta ya kula. Anavuliwa nguo zilizolowa, anaoshwa ngozi, na anapelekwa hospitali pamoja na chombo alichonywea ili daktari akione. Mtoto apelekwe hata kama anacheza na anaonekana mzima.

Tuje kwa fundi wako. Kauli yake ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayounguza nyumba. Petroli ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Na petroli haisubiri kupashwa moto ili itoe mvuke wa kuwaka, inautoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Moshi. Mafuta ya taa yanahitaji kufikia nyuzi 38 hivi, na dizeli kupita nyuzi 50. Tumekua tukijaza koroboi na majiko ya mafuta ya taa mezani bila tatizo, na mazoea hayo tunayahamishia kwenye petroli isiyofanana nayo hata kidogo.

Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi ukatokea dirishani. Unashuka, unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango na kujikusanya panapobonyea, kama ukungu unavyoteremka bondeni asubuhi. Kwa hiyo umbali wa kiberiti kutoka kwenye dumu haukwambii kitu. Kinachohesabika ni pale mvuke umefika, nawe huuoni.

Piga hesabu nami. Mvuke wa petroli ukifikia karibu asilimia 1.4 ya hewa, hewa hiyo inaweza kuwaka. Lita moja ya petroli ikigeuka mvuke yote inatoa lita 180 hivi za mvuke. Kiasi hicho kinatosha kuifanya hewa yote ya chumba cha mita 2 kwa mita 2 na nusu, chenye dari la mita 2 na nusu, iwe tayari kulipuka. Hiyo ni stoo ya kawaida ya nyumba zetu, na ni lita moja tu. Tena mvuke haugawanyiki sawasawa chumbani, unakaa chini, hivyo hata robo lita iliyomwagika inaweza kutandaza tabaka la kuwaka kwenye usawa wa kifundo cha mguu. Jiko la mkaa liko wapi? Usawa huohuo. Friji inayojiwasha yenyewe, swichi ya taa, chaja inayochomolewa ukutani, kibonyezo cha jiko la gesi, vyote vinatoa cheche ya kutosha. Hakuna mtu atakayekuwa ameshika kiberiti.

Taifa zima tuliona jambo hili Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota petroli kwa madumu, na moto ulipotokea zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Mvuke ulikuwa umeshatanda miguuni mwa watu. Waliokuwa mbali na lori nao waliungua.

Kuhusu harufu, msikilize mkeo kuliko unavyoisikiliza pua yako. Pua ya binadamu inainusa petroli mapema sana, kabla haijafikia kiwango cha kuwaka, na hilo ni jema. Lakini pua hiyohiyo inazoea. Ukikaa stoo dakika kadhaa ukifanya kazi unaacha kuisikia, ilhali mvuke unazidi kuongezeka. Anayeingia kutoka nje ndiye anayepata habari sahihi. Harufu kwenye stoo iliyofungwa ina maana kwamba dumu linavuja mvuke kwenye kifuniko, na lile la njano la mafuta ya kula litavuja tu kwa sababu kifuniko chake hakikutengenezwa kuzuia mvuke.

Lina ubaya mwingine unaonisumbua zaidi: linafanana na dumu la maji. Karibu kila nyumba ya Moshi na Arusha ina madumu hayo, yamepangwa mlangoni kusubiri maji ya bomba. Siku moja litachotwa na mtu asiyejua, mgeni au dada wa kazi, akalisukutua, akalijaza maji ya kupikia. Kwa wenye jenereta au pikipiki wanaolazimika kuwa na akiba, nawashauri dumu la chuma, au la plastiki nene lililotengenezwa maalumu kwa petroli, jekundu, lisilozidi lita 10, na likae kwenye kibanda cha nje chenye matundu chini na juu. Usilijaze hadi shingoni. Petroli inatanuka ikipata joto: lita 20 ulizoweka asubuhi ya baridi zikipanda nyuzi 20 mchana zinaongezeka zaidi ya theluthi moja ya lita, nazo zitatafuta pa kutokea. Wa Arusha wanaojaza dumu Moshi wakapanda nalo wameshawahi kulikuta limevimba, kwa kuwa mji wao uko juu zaidi kwa mita 500 hivi na hewa ya huko inalibana dumu kwa nguvu ndogo kuliko ya Moshi. Lifungulie nje, kifuniko kikizungushwa polepole, uso ukiwa pembeni.

Na unapojaza dumu kituoni liweke chini, sakafuni. Usilijazie ndani ya buti wala nyuma ya pikapu. Petroli ikipita kwenye mpira inazalisha umeme tuli, na dumu lililokaa juu ya zulia la buti au plastiki halina pa kuupeleka. Liko ardhini, umeme unashuka. Acha na mdomo wa pampu uguse shingo ya dumu muda wote wa kujaza. Miezi ya ukavu, na wakati wa baridi tunapovaa masweta ya nailoni, cheche hizi hutokea kwa urahisi zaidi. Gusa chuma cha gari kwanza kabla ya kufungua kifuniko.

Nikijibu kuhusu filta yenyewe: hukuhitaji kutoa petroli tangini. Kwenye Corolla yako filta kwa kawaida iko chini ya boneti, kwenye chumba cha injini, na kiasi kitakachomwagika ukiifungua kwa utaratibu ni kidogo. Shida yake ni mgandamizo. Kwenye gari la sindano, yaani lisilo na kabureta, mafuta yanakaa kwenye bomba kwa psi 40 na zaidi, kuliko upepo wa tairi lako, na yanabaki hivyo hata baada ya kuzima injini. Ukilegeza nati bila kuyapunguza, petroli inaruka hadi usoni na juu ya ekzosi la moto. Gari liwe nje na injini iwe imepoa usiku mzima. Fungua kifuniko cha tangi kutoa presha, chomoa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini uiache ijizime yenyewe kwa kukosa mafuta, ipige starta mara moja zaidi, kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Ndipo uzungushie tambara nati na kuilegeza polepole, huku umevaa miwani na kopo liko chini. Tambara lililolowa usilitupe kwenye kona ya stoo, litandaze nje kwenye kamba, mbali na moto, hadi likauke kabisa. Kama filta yako inafungwa kwa bolti yenye washa, ile ringi nyembamba, weka washa mpya, usirudishe za zamani. Ukishafunga, mtu mmoja akae kwenye swichi, wewe uangalie. Tone moja likionekana, zima.

Siku ukilazimika kweli kutoa petroli tangini, nunua pampu ya mkono ya mpira, ile yenye kibofu cha kubinya. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya kulazwa. Mdomo usitumike tena, hata kwa dizeli, hata kwa "kuanzisha tu".

Kuoshea vyuma na mikono kwa petroli ni desturi ya gereji nyingi na ningependa ife. Petroli ina benzini ndani yake, kemikali inayosababisha saratani ya damu kwa mtu anayeivuta na kuigusa mwaka baada ya mwaka. Isitoshe, beseni lililo wazi lina uso mpana, na uso mpana unatoa mvuke mwingi kuliko dumu. Vyuma vioshe kwa mafuta ya taa au dizeli, nje, ukiwa na glavu za mpira wa nitraili. Mikono ipake mafuta ya kula kidogo, sugua, kisha sabuni na sukari. Inatoka vizuri tu.

Oili chafu nayo ina neno lake. Oili mpya ni salama kiasi kwa ngozi, lakini ikishakaa ndani ya injini kilomita elfu kadhaa inakusanya masizi, chembe za vyuma na kemikali za mwako ambazo baadhi yake husababisha saratani ya ngozi kwa wanaoloweshwa nayo mara kwa mara. Kuimwaga kwenye nguzo kunazuia mchwa kwa muda, sikatai, ila haikai kwenye nguzo. Mvua za masika zikija inasafishwa kwenda kwenye mtaro, mtaro unaingia mtoni, na maji ya Mto Rau ndiyo yanayomwagilia mpunga wa Mabogini. Huko Arusha ni Themi. Nimeona pia watu wakiwapaka mbwa oili chafu kutibu upele, na ng'ombe kufukuza kupe. Mnyama anailamba na kuumia ndani. Irudishe kwenye galoni ilimotoka ile mpya, funga, andika juu yake, na ipeleke gereji kubwa au kituo kinachobadilishia watu oili, maana huwa na mapipa ya kukusanyia. Uliza kwanza kabla ya kubeba. Usiichanganye na petroli, kulanti wala maji ya breki, kwa sababu ikichanganywa hakuna atakayeipokea. Nguzo zako zipake dawa ya mbao.

Na kwa kuwa unaingia chini ya gari kufungua bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, niseme jambo lisilohusu mafuta: jeki peke yake haishikilii uhai wa mtu. Tumia stendi mbili, weka ubao mpana chini yake ikiwa uwanja ni wa udongo, vizuizi kwenye magurudumu, na breki ya mkono. Injini iwe ya uvuguvugu. Watu husema oili itoke ikiwa moto sana ili ishuke yote, lakini oili ya injini iliyotoka safarini inaweza kupita nyuzi 100, na ikikumwagikia mkononi haitoki kama maji, inashika ngozi na kuendelea kuunguza. Washa injini dakika tano, zima, subiri kumi.

Sasa chupa ya soda. Hapa ndipo ningependa unielewe kuliko mahali pengine pote, kwa sababu una mtoto wa miaka mitatu. Kulanti nyingi zina glikoli ya ethilini. Ina rangi ya kuvutia, ya kijani au nyekundu, na ina ladha tamu. Mwilini inabadilishwa kuwa sumu inayoziba na kuharibu figo, na mtoto wa umri huo hahitaji kunywa nyingi ili apate madhara makubwa. Mwanzo anaweza kuonekana kama mlevi au mwenye usingizi tu, mzazi akadhani amechoka kucheza. Dawa yake ipo hospitali, lakini inafanya kazi vizuri ikiwahi. Mbwa nao wanaifuata kwa utamu wake. Kwa hiyo usimwage iliyobaki kwenye beseni ukaiacha, na kamwe usiweke kitu chochote cha gari ndani ya chupa ya maji, soda au juisi. Ibaki kwenye chombo chake chenye maandishi, kwenye rafu ya juu yenye kufuli. Mtoto hasomi, anatambua umbo la chupa.

Rejeta, kwa ufupi: usifungue kifuniko injini ikiwa na moto. Kwa mwinuko wa Arusha maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na ndani ya rejeta yanazuiwa yasichemke na mgandamizo wa kile kifuniko. Ukikifungua mgandamizo unaondoka ghafla na maji yote yanachemka kwa mpigo, yakikurukia usoni. Anayepanda mteremko wa Marangu gari likachemka asimame, azime, asubiri hadi aweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kuungua.

Maji ya breki yanabandua rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika osha mara moja kwa maji mengi. Yanavuta unyevu wa hewa, hivyo chupa iliyokaa wazi miezi usiitumie. Usiongeze oili ya aina nyingine mahali pake hata tone, mipira ya breki itavimba na breki zitakukimbia.

Betri. Madukani kuna chupa za aina mbili zinazokaa rafu moja: maji yaliyosafishwa, na asidi ya salfuriki. Kinachopungua kwenye betri ni maji, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji. Soma chupa kabla ya kulipa. Betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inawaka kwa cheche ndogo, basi fanyia nje, toa waya wa hasi kwanza na uurudishe mwisho, na vaa miwani. Asidi ikikuingia jichoni, weka jicho chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kusita, halafu hospitali. Usisubiri uone kama litauma.

Weka kando ya kazi yako mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu na ndoo ya mchanga. Moto wa petroli haumwagiwi maji, petroli inaelea juu yake na moto unasafiri nayo. Lakini ujue mtungi wa kilo moja, ule mdogo unaobebwa kwenye magari, unaisha ndani ya sekunde 10 hivi. Elekeza chini ya mwali, mgongo ukiwa upande wa njia ya kutokea. Haukuzimika? Ondoka, toa watu, piga 114 Zimamoto. Gari lisikuzuie. Aliyeungua amwagiliwe maji safi ya kawaida dakika 20, asipakwe dawa ya meno, asali wala yai, kisha apelekwe hospitali.

Swali lako la mwisho. Hapana, usiache. Kubadilisha oili, filta ya hewa, plagi, kukagua maji ya betri na kulanti, hizo ni kazi halali za nyumbani, zinaokoa pesa, na mtu anayelijua gari lake huona hitilafu mapema. Ila kuna kazi ambazo hata mimi nisingezifanya uani. Tangi linalovuja ni mojawapo. Hapo usikubali mtu wa kuchomelea aliguse kwa sababu tu "limekauka", maana tangi tupu limejaa mvuke na ni hatari kuliko lililojaa petroli. Gesi ya AC iachie wenye mashine yake. Wenye magari ya dizeli ya kisasa wasiguse mabomba ya sindano injini ikiwa inaunguruma. Presha yake inapita bar 1,000, na mafuta yanatoboa ngozi na kuingia ndani ya kidole huku jeraha likionekana kama alama ya sindano tu. Likitokea, ni la daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, hata kama haliumi.

Filta ya mafuta iko katikati ya makundi hayo mawili. Mara ya kwanza ifanye na fundi anayekubali kuja kwako asubuhi, akaifanyia nje, akakuonyesha anavyotoa presha kabla ya kushika spana. Ukimwona anaanza kwa kulegeza nati moja kwa moja, mlipe nauli yake na utafute mwingine. Mara ya pili unaweza kuifanya mwenyewe, mradi kuna mtu mzima wa kukaa na ule mtungi wa kuzimia moto na mtoto hayupo uani.